Nyama ya Wageni na Friji ya Mafuta Taa

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Nimeagiza nusu ya ng'ombe! Inatoka Ainabkoi, inafika Jumatano. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yetu Nasike wanakuja, na sitaki waseme mimi, karani wa stesheni ya reli, nilikosa nyama. Mke wangu Tryphosa ameuliza itakaa wapi. Swali dogo. Nina mipango.

Jumanne, 5 Agosti
Jirani yangu, Mwalimu Kipyego, ana sanduku lenye kuta za makaa. Analimwagia maji, upepo unapita, ndani kunapoa. Akasema niazime, kwa ile sauti ya kufundisha darasa la kwanza. Azima? Mimi? Nimechukua friji ya mafuta taa kwa mzungu anayerudi kwao. Nyeupe kama jino! Kipyego amekuja kuichungulia. Raha tupu.

Jumatano, 6 Agosti
Nyama imeingia yote. Mlango nimeufunga kwa goti. Lakini huko chini nimekuta taa inawaka! Moto, chini ya nyama! Ndiyo maana mzungu aliiacha. Nimeizima. Kipyego akaniita kutoka uani kwake, eti moto huo ndio unaoleta baridi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimetia mkono ndani. Vuguvugu. Bila shaka bado inazoea hewa ya Eldoret.

Ijumaa, 8 Agosti
Harufu. Tryphosa hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu, "Baba Nasike, toka jikoni." Yeye na mke wa Kipyego wakachagua iliyo nzima. Nyingine wakaitundika juu ya moshi, nyingine ikaenda kwenye sanduku la makaa. Mbwa wa mtaa wakapata iliyobaki. Nilisimama nje kwenye mvua, nikiomba Jumamosi isifike.

Jumamosi, 9 Agosti
Wageni walikula ile nyama ya moshi mpaka wakalegeza mikanda! Mama yake kijana akaomba ya kubeba. Mzee wake akasema hajaona baba mwenye mipango kama mimi. Sikumpinga. Kipyego akakohoa, nikamwongezea mbavu. Nasike alicheka siku nzima. Nyumba ilijaa. Moyo wangu pia.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kanisani. Kosa halikuwa langu. Ng'ombe ni mnyama wa joto, hawezi kuelewana na friji. Ile taa nimeing'oa kabisa. Samaki, sasa! Samaki amezaliwa kwenye baridi, ameizoea. Nimeagiza gunia zima kutoka Kisumu, linafika kesho kwa treni. Tryphosa nitamwambia likishaingia ndani.