Injini Iliyochomelewa kwenye Gari la Babu

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Nathaniel mjukuu wangu, mume wangu, tangu Pasaka hujatia mguu Mkolani! Dhahabu ya Geita inakupikia ugali? Basi utasoma humu daftarini, kwa herufi zangu za kisomo cha ngumbaru. Jumamosi dada yako Queen anaolewa Kisesa. Nimeapa ataingia kanisani na gari la marehemu babu yako, lile kuukuu alilouziwa na mzungu wa pamba. Dorcas, shangazi wa bwana harusi, anasema gari langu ni banda la kuku, bibi harusi atapanda la kwake la Kijapani. Thubutu!

Jumatano, 3 Agosti
Injini inatikisika hadi taa zinakonyeza. Fundi Khalidi kaingia chini, kasema mipira inayoikalisha injini kwenye chasisi imekwisha. Mingine ni kuagiza Nairobi, wiki mbili. Wiki mbili! Nikamwambia aikaze chuma kwa chuma. Akakataa. Eti bibi, chasisi ya zamani hujipinda kidogo kwenye mashimo, mpira ndio unaoipa nafasi. Ukiigandisha injini, chasisi itapasuka. Nikamuuliza tangu lini mpira ukawa na nguvu kuliko chuma. Akakusanya spana zake.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimemwita Ng'washi, mtengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Huyo ndiye mwanamume! Hakuuliza kitu. Kachomelea injini kwenye chasisi, imetulia tuli. Tumepita mbele ya Dorcas mara tatu, honi juu.

Jumamosi, 6 Agosti
Ng'washi usukani, Queen na mimi nyuma. Shimo la kwanza, ta! Ng'washi akasema ni jiwe. La pili, ta! Mlango ukagoma kufunga. Queen akaninong'oneza, bibi, sakafu inashuka. Nikamwambia aimbe. Moyoni namwita babu yako: mshike mtoto! Kwenye kidaraja chasisi ikakatika. Pua ikalala chini, moshi, kimya. Queen mzima! Nilimkumbatia hadi shela likachanika. Nyuma yetu nani? Dorcas. Akasema panda, mkwe, kuku watajilinda. Nikapanda. Mkono wa Queen sikuuachia hadi kanisani.

Jumapili, 7 Agosti
Khalidi kanionyesha ufa: umeanzia palepale alipochomelea Ng'washi, kulia na kushoto. Hakucheka. Afadhali angecheka.
Nimewaza sana, kosa nimeliona. Chuma kilikuwa chembamba! Mtoto wa kwanza wa Queen atakwenda kubatizwa na gari hilihili. Nathaniel, ukija, lete nondo nne, nene kama mkono wako. Na usipite kwa Khalidi kusalimia, atakuuliza za nini.