Habari Yangu ya Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 10 Juni 2024. Gesti, Shinyanga mjini.

Nimekwisha. 

Onesmo, mshenga wangu, amerudi kutoka kwa Mwalimu Ngassa, baba yake Eufrasia. Barua ya posa imepokelewa, ila haijibiwi mpaka nichunguzwe. Hilo nilijua. Hakuna baba wa Kisukuma anayetoa binti bila kuuliza ukoo. Nilishajipanga: shangazi wa binti angekwenda kijijini kwetu akijifanya anatafuta kuku wa kienyeji, na majirani wote nimeshawaambia la kusema.

Kumbe shangazi anaumwa goti. Mwalimu kamwambia Onesmo siku hizi kuku wa nini, maktaba ina kompyuta ya magazeti ya zamani, unaandika jina la mtu na mambo yake yote yanakuja. Atakwenda Alhamisi.

Magazeti! 

Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, mwaka 2011. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilisugua kipande cha chupa ya soda mchangani wiki mbili, nikamuuzia mnunuzi kwa jina la almasi. Akakigonga na nyundo, kikawa unga. Mwandishi wa habari alikuwa meza ya jirani anakunywa chai.

Kama nitamkosa Eufrasia, basi tena. Ana cherehani yake pale Geita, ana akili, na ananipenda kwa sababu ambayo sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Jumanne, 11 Juni.

Nimefika maktaba kabla ya mfagiaji. Mkutubi anaitwa Bi Shadya, mpole mpaka anatisha. Nimemwambia natafiti historia ya madini. Akanipa kadi ya uanachama na neno la siri. Akaeleza kwamba mtu wa nje huona kichwa cha habari tu, lakini mwanachama wa maktaba husoma ukurasa mzima na picha zake. Nikamuuliza hata picha? Akasema hata picha, tena unaweza kuikuza.

Nikaandika jina langu, Boaz Maduhu. Habari 4,312.  Bi Shadya akacheka, akasema kompyuta imeniletea kila Boaz na kila Maduhu wa nchi hii. Nikitaka mtu mmoja nifungie jina lote ndani ya alama za kunukuu. Nikafungia. Zikabaki tatu.

Ya kwanza, orodha ya timu ya mpira. Ya pili, mnada wa ng'ombe. Ya tatu ni mimi, ukurasa wa saba, nimeshika vipande vya chupa huku nimetoa macho kama panya aliyebanwa mlangoni. KIJANA ANASWA NA ALMASI YA CHUPA.

Nimemuuliza Bi Shadya, kwa utafiti tu, mtu akitaka kufuta habari afanyeje. Akasema magazeti hayakai pale, yamehifadhiwa mbali, maktaba imelipia njia ya kuingilia tu. Nikauliza huko mbali ni wapi na nauli yake. Akanitazama sana.

Jumatano, 12 Juni.

Sikulala. Nimepata mpango: kompyuta ya magazeti ni moja tu. Nikiikalia kesho, Mwalimu hana pa kuniona, na leo nimeufanyia majaribio.

Sheria ni saa moja kwa mtu kama kuna wanaosubiri. Saa ya kwanza nikajiandikisha Boaz, ya pili Edson, ya tatu Nasibu. Ya nne nikavua kofia nikawa Magesa. Bi Shadya akamkaribisha Magesa vizuri, akamwambia ndugu yake Boaz kasahau kofia mezani.

Nikaomba kuandikisha Alhamisi nzima kwa ajili ya ukoo. Akakataa.

Alhamisi, 13 Juni.

Siku mbaya kuliko ya Maganzo.

Mwalimu kaingia saa tatu kamili, suti ya kahawia, miwani mfukoni. Nikajifunika uso na gazeti la leo. Akamwambia mkutubi hajui kompyuta. Bi Shadya, kwa wema wake ule, akasema asihofu, yupo kijana hapa ametafuta magazeti wiki nzima, atamsaidia. Akanishika bega.

Nikampa shikamoo, sauti ikatoka ya mtoto. Akaitikia marahaba, akashangaa kunikuta, kisha akafurahi. Akasema mtu asiye na la kuficha hawezi kuogopa kujitafuta mwenyewe. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka kwenye soksi.

Nikaandika jina langu wazi, bila zile alama. 4,312. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba ni nyingi, mzee wangu, zitakuchosha bure. Nilisahau kwamba mtu huyu amesahihisha madaftari miaka thelathini na mitano. Akavaa miwani, akavuta kiti, akaanza na ya kwanza.

Anasoma yote. Anasoma mpaka matangazo ya vifo, na anasema pole kwa kila marehemu.  Maktaba imefungwa akiwa kwenye habari ya sitini na moja. Kanishukuru kwa subira. Kaniita mwanangu. Nimekwenda nyuma ya jengo nikatapika.

Ijumaa, 14 Juni.

Bi Shadya alipita nyuma yetu asubuhi. Akanikumbusha kwamba nimesahau alama za kunukuu. Akaziweka yeye mwenyewe. Tatu.

Ukurasa wa saba ukajaa kioo chote. Mwalimu akaomba picha ikuzwe. Akanitazama, akaitazama. Akauliza, taratibu kabisa, kama huyu ni mimi.

Ningesema ndiyo. Naapa neno lilikuwa mdomoni. Hofu ikalisukuma pembeni, nikasema huyo ni pacha wangu, marehemu.

 Mwalimu akauliza kama marehemu alikuwa Kulwa, pacha wa kwanza, au Doto, wa pili. Nikasema yeye Kulwa, mimi Doto. Akauliza aliyetufuata mgongoni yuko wapi, yule Shija. Nikasema Shija yuko Ushetu, analima tumbaku. Akauliza kwa nini basi sijawahi kuitwa Doto, na gazeti limemwita marehemu Boaz. Nikasema tulikuwa tukiazimana majina kwa upendo.

Akakunja miwani. Akasema mama aliyezaa mapacha hasalimiwi kama mama wa kawaida, na yeye hawezi kumwoza binti yake kwa mwana wa mama aliyefiwa bila kumpa mama huyo pole. Akaniomba namba ya mama. Nilimpa. Hata sasa sijui kwa nini nilimpa.

Jumamosi, 15 Juni.

Eufrasia amepiga simu kutoka Geita. Mama kamwambia Mwalimu kwamba tumboni mwake sijawahi kukaa na mtu, na baada yangu hakuzaa tena. Kisha akalia, akiuliza ni nani ametangaza msiba.

Eufrasia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema habari ya chupa aliijua tangu mwezi wetu wa kwanza, Geita nzima wanaijua. Hata baba yake angeisamehe, ujana ni moshi. Lakini kumzika ndugu ambaye hakuzaliwa? Akasema mficha uchi hazai. Amemwomba baba anisikilize kesho, mara moja tu. Niende na ukweli, nisiende na kitu kingine. Akasema bado ananitaka. Nimelia mpaka mhudumu wa gesti kagonga mlango.

Jumapili, 16 Juni.

Nimekwenda. Njiani nimerudia sentensi moja: ni mimi, nilikuwa kijana, nisamehe. Mara arobaini, bila kukosea.

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Akanikazia macho.  Nikafungua mdomo, nikasikia ukimwambia kwamba Boaz amepata dharura kwenye duara lake la dhahabu huko Geita, na mimi ni Doto, ndugu yake, nimetumwa kumwombea radhi.

 Mwalimu akanikaribisha kiti, akanimiminia chai, akaniuliza habari za safari. Nilipomaliza kikombe akasema nimfikishie Boaz ujumbe kwamba Eufrasia hatamngoja tena.

Nilimwahidi kwamba nitamfikishia. Nikatembea mpaka stendi nikilia barabarani, watu wananitazama.

Sasa nimetulia kidogo, nimewaza. Doto jina lake halina doa kwenye gazeti lolote. Jumatano namtuma Onesmo na barua yake ya posa.