Mfano Hai Aliyeharibiwa na Semina

Ifakara,
Novemba 1996

Kwa Mkuu wa Chuo,

YAH: KUHARIBIWA KAZI NA SEMINA YAKO

Mheshimiwa, pokea heshima zangu kabla hujapokea hasira zangu. Mimi ni Hermenegildi Sylvanus, yule mlevi ambaye Mwalimu Levina humleta chuoni kila mwaka kwenye semina ya madhara ya pombe na bangi. Somo la bangi mlikuwa na picha ukutani. Somo la pombe mlikuwa na mimi. Kule kijijini Namawala wataalamu huchunguza mbu. Hapa Ifakara nilichunguzwa mimi, na sikuwahi kukosa kufika.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele na kushika glasi ya maji. Maji yakimwagika, Mwalimu anasema, "Mnaona?" nao wanafunzi wanaandika. Kisha nakunywa soda, wananipa shikamoo mmoja mmoja, najiendea zangu. Hakuna mahali pengine nilipopewa shikamoo, hata nyumbani kwangu. Sasa kazi hiyo imekufa, na mmeiua ninyi.

1. Hakuna aliyenionya nisisikilize. Wanafunzi wako wana madirisha ya kuchungulia, wana usingizi, wana barua za wachumba chini ya meza. Mimi nimewekwa mbele, natazamwa, hata kusinzia siwezi. Mwaka juzi somo liliingia sikio hili likatokea lile. Mwaka jana likakwama. Ini, Mheshimiwa! Mwalimu Levina alivyolieleza ini, nilitoka pale nimelishikilia kwa mikono miwili kama nimebeba yai. Toka siku hiyo pombe ya komoni haipiti kooni.

2. Mwaka huu nikapewa glasi kama kawaida. Maji yakatulia tuli. Nikajitahidi kuyatikisa nisimwaibishe Mwalimu, akaninong'oneza, "Baba, usiwadanganye watoto." Watoto wakapiga makofi. Nimeambiwa mwakani nisije. Hii ni haki? Mtu afukuzwe kazi kwa kuzingatia mafunzo ya kazini?

3. Nilipokuwa nakunywa nilisamehewa kila kitu. Sasa jumuiya ya kanisani imenifanya mweka hazina, msiba ukitokea jembe la kuchimbia kaburi napewa wa kwanza, na wagomvi wa mipaka ya mashamba ya mpunga wananigongea mlango eti niwaamue. Nimechoka mno.

4. Wanafunzi wako, semina ikiisha, huja kilabuni kupongezana kwa kuimaliza. Zamani walininunulia kikombe, wakaniita mwalimu wa vitendo. Mwaka huu nimekikataa, na kijana mmoja, Marcelino, akasema ninaringa. Mkono wake ulivyokuwa unapeleka kikombe mdomoni, Mheshimiwa, niliutambua. Ni ule wangu wa zamani.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mke wangu Brigitha alihamia kwa kaka zake kule Chita, akasema atarudi siku nikiacha pombe. Kasikia nimeacha, anakuja na treni kuhakikisha. Nyumba haina hata kiti kizima. Na akinikuta mzima hivi, halafu bado asinitake, nitamsingizia nani? Pombe ndiyo iliyokuwa ikilaumiwa kwa niaba yangu. Naogopa, Mheshimiwa, kuliko nilivyoliogopa lile ini.

Kwa hiyo naomba chuo kinipe barua ya ruhusa ya kurudia kunywa, yenye muhuri, ili Brigitha akifika aone ni agizo la kikazi. Na kuanzia sasa, kila mfano hai aingizwe darasani akiwa na pamba masikioni.

Nisalimie Mwalimu Levina, simlaumu sana. Msalimie mpishi, mlinzi wa geti, na wanafunzi wote, waliokuwa macho na waliokuwa wamelala.

Ni mimi niliyefuzu bila cheti,
Hermenegildi Sylvanus

N.B. Brigitha kafika kabla sijaifunga bahasha. Ameisoma barua yote, akauliza nani kaniandikia, maana anajua mikono yangu ilikuwa haishiki kalamu. Nikasema ni mimi. Hakuamini. Akasema, "Haya, andika jina langu hapa." Nimeliandika, unaliona hapo pembeni. Kaliangalia, akaingia ndani, na sasa hivi namsikia anauliza ufagio uko wapi. Ile ruhusa usiitoe. Kiti cha mbele mpeni Marcelino, na pamba msimtie.