Siku Saba za Mzee Makabrasha

Asubuhi ile kijiweni kahawa ilitupoea vikombeni. Manispaa walikuwa wamebandika notisi mlangoni kwa Mzee Makabrasha: asafishe nyumba ndani ya siku saba, la sivyo lori la taka litakuja kumsafishia. Mwenyewe, tarishi mstaafu wa ofisi ya mji, alijikunja pembeni ya benchi letu. Wiki ya tatu hiyo analala kwenye kiti. Kitanda kimemezwa na magazeti.

Wembe, kinyozi wetu, alipendekeza kiberiti. Dakika, fundi saa, akaunga mkono, angalau panya nao watahama. Tukacheka. Mzee hakucheka.

"Wanangu, mkichoma hivyo mnachoma mtaa," alisema. "Nani mwingine anajua hapa tulipokaa palikuwa kambi ya mafundi reli? Ramani ninayo."

"Iko wapi?" Wembe akamchokoza.

Mzee akafikiri. "Chini ya kitanda. Au chini ya kilicho chini ya kitanda."

Mimi nikaenda kituo cha afya. Muuguzi wa afya ya akili hakunicheka. Alisema ni maradhi kama mengine, si uvivu. Akawaomba manispaa wasilete lori, nao wakakubali, mradi siku ya saba mlango ufunguke na kitanda kionekane. Sharti lake likawa moja: hakuna kutupa kwa siri. Mzee ashike kila kitu, aseme kibaki au kitoke. Sisi kazi yetu kubeba.

Gazeti la kwanza alilikumbatia kama mtoto mchanga. Kisha akasema, taratibu, "Litoke." Machozi yalinilenga.

Kuanzia hapo mzee akashika kasi. Tukakwama sisi. Dakika alikuta tiketi za sinema ya zamani, ambako sasa ni ghala la saruji, akagoma zisitoke kwa sababu huko ndiko alikomwona mkewe mara ya kwanza. Wembe akafukua kibao cha duka la kunyolea la marehemu baba yake, enzi mtaa mzima ulikuwa na kinyozi mmoja. Akakikalia.

Siku ya saba muuguzi alimkuta mzee kajinyoosha kitandani, na kijiwe kizima mlangoni, mikono imejaa, tunagombania nini kisitupwe.

"Wewe unaendelea vizuri," alimwambia mzee. "Na hawa?"

Mzee akatutazama kwa huruma. "Hawa ndiyo kwanza unawaanza. Waandikishe."