Kura Yangu na Kimbwa cha Bi. Seok

Jumatatu, 4 Machi
Uchaguzi wa mwakilishi wa Jengo la 107 ni Jumamosi. Nyumba moja, kura moja. Wagombea wawili tu. Mimi, Pyo Gwang-su, afisa mstaafu wa forodha, mtu wa heshima zake. Na Bi. Seok, muuza maua, anayekaa juu yangu kabisa na kimbwa cheupe kiitwacho Kongi. Sera yangu ni utulivu. Lakini Kongi habweki, na watu wanamsifu. Hata mke wangu kasema ana adabu kuliko wastaafu wengine. Sijui alikuwa anamsema nani.

Leo kwenye lifti Bi. Seok alikuwa anapanga kwa simu "lile jambo la saa kumi". Nikamuuliza jambo gani. Akaninong'oneza kwamba neno "matembezi" halitamkwi mbele ya Kongi, anapagawa. Mtu mzima anaogopa neno! Nimepata silaha.

Jumanne, 5 Machi
Lifti imejaa. Nikasema, kama anayewaza afya yake, kwamba matembezi ni dawa. Kongi akazunguka mara nne, akalia kama king'ora, akanirukia. Nilitegemea watu wakasirike. Wakacheka hadi machozi. Bibi mmoja akasema, "Jamani, mwone anavyompenda Mzee Pyo." Suruali nzuri imechanika.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu anasema mbwa hutambua pia dalili za kutoka: kofia ya kutokea, droo ya kamba, hata mfuko wa viazi vitamu vikavu, kitafunio chao, ukichakarishwa. Nimesimama kwenye roshani nikichakarisha mfuko dakika ishirini. Kongi kabweka mara mbili. Bi. Seok akashuka na bakuli la kimchi, kabichi kali ya kuchachua, akidhani nina upweke. Nimeila kwa hasira. Tamu.

Alhamisi, 7 Machi
Bw. Maeng wa ofisi ya jengo katangaza kwamba kesho kila mgombea atapewa dakika moja kwenye kipaza sauti, kile kinachosikika sebuleni kwa kila mtu. Mimi wa kwanza. Nitalitaja neno, Kongi atalia peke yake huko juu, na jengo zima litajua kelele inatoka wapi. Nimemweleza mke wangu. Akauliza, "Baba Tae-rin, hivi jengo hili lina mbwa wangapi?" Wanawake na maswali yasiyo na msingi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesema: "Ndugu wakazi, maisha ni matembezi. Twendeni matembezini!" Kwa sauti ya kiongozi.

Mbwa thelathini na saba. Idadi nimeijua baadaye. Ghorofa zote zililia kwa pamoja, dari ya ofisi ikadondosha vumbi. Bw. Maeng akachomoa waya, akaniambia, "Mzee, kaa chini tafadhali." Ikabidi kila mwenye mbwa amtoe. Uwanja ukafurika. Watu ambao hawajasalimiana miaka sita walikuwa wanafunguliana kamba za mbwa zilizosokotana na kucheka. Bi. Seok aliiacha dakika yake, akaenda kuwapanga foleni getini. Hakuhutubia hata neno moja. Mwanamke asiye na sera.

Jumamosi, 9 Machi
Nilibaki nyumbani kuandika hotuba ya ushindi. Mke wangu akaenda kupiga kura ya nyumba yetu. Matokeo: Bi. Seok themanini na tisa, mimi moja. Moja! Angalau mke ninaye. Nilimnunulia keki ya mchele. Akaila bila kuniangalia.

Jumapili, 10 Machi
Bi. Seok amekuja kunipa pole. Akainama, akasema kura yake alinipigia mimi, maana mtu kujipigia mwenyewe ni kukosa haya. Nilimshukuru. Alipoondoka, nikahesabu. Nikahesabu tena. Mke wangu alikuwa anavaa viatu, akasema anatoka kidogo na Bi. Seok.

Sasa kila kitu kiko wazi. Kura ya mke wangu imeibwa. Naandika malalamiko kurasa tatu, na nitamwomba Bw. Maeng niyasome mwenyewe kwenye kipaza sauti.