Kuzingirwa kwa Kopo la Rangi ya Ziwa

Sogeeni, enyi watu wa Mkuyuni na Butimba, nanyi wa Nyakato mnaotoka zamu na vumbi la kiwanda mabegani. Sogeeni hata ninyi mnaopenda kusikiliza mkiwa mmesimama ili mpate kuondoka upesi. Ketini, maana habari hii haitaki haraka. Nitawasimulia jinsi kopo moja la rangi, ujazo wake lita nne, lilivyozingirwa kando ya duka la magodoro tangu saa saba mchana hadi saa tisa na robo, na majemadari wakaanguka mbele yake mmoja baada ya mwingine, mpaka likatekwa na mwanamke mkaanga samaki. Mimi ni Pius, katibu wa Kituo cha Sanaa cha Jiwe Pana, nami nilikuwepo. Atakayewasimulia vingine hakuwepo, au alikuwa amekwenda kunywa soda.

Kwanza mkijue kituo chenyewe, kwa kuwa wapo wanaokisikia jina wakadhani ni jumba lenye nguzo. Ni vyumba viwili vya bati nyuma ya jabali, alivyovipata Bi Moza, Mama wa Brashi, mwanamke asiyelitambua neno hapana mpaka aambiwe mara saba, na hata hapo huuliza kama kweli umemaanisha. Humo mtu akitoka kazini huingia bila kuulizwa cheti wala kabila wala amesoma mpaka wapi: anayetaka kuchora hupewa brashi, anayetaka kupiga ngoma hupewa ngoma, na anayetaka kushona hungoja zamu yake kwenye cherehani moja tuliyo nayo. Sharti ni kwamba brashi irudi imeoshwa. Tena kila kilichomo stoo ni cha kila mtu, kanuni ambayo Bi Moza huisifia mbele ya wageni nami huililia nikiwa peke yangu.

Ndani ya vyumba hivyo aliingia siku moja Odeta, binti wa Ukerewe, Malkia wa Karai, Mgeuza Sangara Asiyewavunja. Hakuja kwa ajili ya sanaa. Alikuja kudai sahani zake, ambazo wapiga ngoma walikuwa wamezichukua na chipsi wakasahau kuzirudisha, na wakati anazitafuta chini ya meza aliona brashi, akaichovya kwenye rangi ya mtu mwingine, akavuta mstari kwenye boksi tupu. Akautazama ule mstari kwa muda mrefu sana. Sahani alizisahau mpaka kesho yake, na tangu siku hiyo kila akifunga kibanda chake cha samaki huja kwetu akinukia mafuta na ndimu.

Sasa sikieni habari za ukuta. Mzee Nurdin, Bwana wa Magodoro, ana duka lenye ukuta mrefu unaotazamana na njia ya sokoni, na ukuta ule ulitakiwa na wawili: Bi Moza aliutaka upambwe na watu wa mtaa, na kampuni moja ya simu iliutaka upakwe rangi zake. Mzee Nurdin alipokwishafuatwa mara ya saba, alisimama mlangoni kati ya godoro la sita kwa sita na la tano kwa sita, akanena.

"Bi Moza, mimi si mtu wa sanaa, mimi ni mtu wa magodoro. Nawapa ninyi kwanza, maana ninyi ni majirani. Lakini nawapa hadi Jumanne, adhana ya alasiri. Nikitoka kwenda kuswali nikakuta ukuta umekamilika, ni wenu. Nikikuta kipande kitupu, hata cha upana wa mto wa kulalia, fundi wa simu anaanza papo hapo. Neno langu huwa moja, na wanaonijua wanajua."

Wanaomjua walijua. Basi Bi Moza akamkabidhi Odeta ukuta huo, na Odeta akapaka siku kumi na moja, kuanzia alfajiri hadi saa nne kabla hajawasha jiko. Akachora ufuo wa kwao: majabali yaliyopandana, wanawake wanasugua sufuria kwa mchanga, dagaa wameanikwa, korongo wawili wamesimama kama watu wanaongojea kulipwa, na mitumbwi mitatu. Maji peke yake aliyaacha mwisho, ukuta ukawa na mitumbwi inayoelea kwenye plasta.

Aliyaacha kwa sababu ya rangi. Bi Moza alileta bluu, Odeta akaikataa, akasema ziwa si ndoo ya plastiki. Wakatia kijani, akakataa. Wakatia kijivu, akakataa, na tone la nyeusi, akatikisa kichwa, nami nikaanza kuhisi kwamba mwanamke huyu anatutania. Mchanganyo wa tano aliuchovya kidole, akakipeleka kwenye mwanga, akasema polepole, "Hii. Hii ni saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka." Wakaimimina katika kopo la lita nne, wakalifunga, na hakuna aliyeandika wametia nini kwa kiasi gani. Rangi ile ilikuwa hiyo moja duniani.

Jumamosi iliyofuata ndipo maafa yalipotupata. Ngoma yetu ndogo ilikuwa imeazimwa harusini Nyakato, na kundi la ngoma lilikuwa na mazoezi, na Luhende, Radi ya Nyamagana, mpiga ngoma ambaye mikono yake haijawahi kupumzika hata msibani, aliingia stoo kutafuta kitu cha kupiga. Akagonga ndoo, akaikataa. Akagonga meza yangu, nikamkataza. Akagonga kopo la Odeta, nalo likatoa sauti nzito ya mzee anayekohoa chumba cha pili, akafurahi mno. Kila kilichomo stoo ni cha kila mtu. Alilipiga kopo lile juu ya mfuniko kwa fimbo mbili, saa mbili mfululizo, na niseme ukweli wangu, mazoezi yalikuwa mazuri kuliko yote ya mwaka huu. Lakini mfuniko ulizama, mdomo wa kopo ukajikunja juu yake, rangi ikajipenyeza pembeni, ikakauka ikawa gundi.

Jumanne saa saba mchana jeshi letu lilijipanga mbele ya ukuta. Fundi wa kampuni ya simu naye alikuwa amekwisha kufika, jina lake Faisal, ana ngazi na rola na ndoo mbili za rangi ya kampuni, akaketi kivulini kuingoja adhana. Wa kwanza kuliendea kopo nilikuwa mimi. Nilikuwa na kijiko cha chai cha ofisini, nikakiingiza pembeni ya mfuniko, nikakaza, nacho kikapinda kikanitazama. Nikachukua rula ya chuma niliyokuwa nayo tangu nikiwa karani chuo cha ualimu, miaka ishirini na mbili, ikakatika kwenye sentimita kumi na nne. Nikarudi nyuma kwa heshima.

Akajitokeza Luhende, mwenye hatia, akapiga magoti mbele ya kopo na kulihutubia. "Ewe kopo, mimi ndimi niliyekufunga, na mimi ndimi nitakayekufungua. Jumamosi tulikuwa marafiki. Usiniaibishe mbele ya watu." Kisha akaliingiza katikati ya magoti, akashika mfuniko kwa koleo la kuazima, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Koleo likachomoka, Radi ya Nyamagana ikaanguka chali juu ya godoro la maonyesho, na Mzee Nurdin akachungulia kutoka ndani kuona kama limepasuka.

"Tuligeuze," Odeta alisema.

"Subiri kidogo, dada," tukamjibu sote, kwa kuwa tulikuwa vitani.

Saa nane na nusu adui mwenyewe akainuka kivulini. Faisal alikuwa ametutazama kwa muda mrefu, na fundi wa rangi hawezi kutazama kopo likiteswa. Akatoa bisibisi yake ndefu, akasema, "Mimi nafungua makopo kumi kwa siku. Nipisheni." Tukampisha. Akazunguka mfuniko akiuchokoa polepole, kwa ustadi uliotutia aibu, na kila alipouinua upande huu ulizama upande ule, mpaka bisibisi ikateleza ikamchuna kidole. Akakinyonya kidole chake, akasema kopo hili limepigwa na mtu mbaya. Luhende akatazama pembeni.

"Jamani, tuligeuze," Odeta alisema mara ya pili.

"Dada, ngoja kwanza tufikiri," nikamwambia, na nikafikiri. Nikapendekeza kwamba tuuache ukuta ulivyo na kumwambia Mzee Nurdin kuwa ni picha ya ukame. Bi Moza alinitazama, nikaliondoa pendekezo langu.

Ndipo Odeta aliposimama. Hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye aproni akanena, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema.

"Nisikilizeni. Mimi nakaanga samaki tangu nina miaka kumi na sita. Kila ninachokitengeneza, usiku hakipo. Wanakula, wanasifu, wanafuta midomo, asubuhi naanza tena. Sina kitu hata kimoja nilichokitengeneza kikalala mpaka kesho. Huu ukuta ndio wa kwanza. Sasa mmevunja rula, mmepinda kijiko, mmemwumiza mgeni, na saa tisa imefika. Mimi nimesema mara mbili. Ya tatu sisemi."

Akaliendea kopo, akalitikisa kwa mikono miwili mpaka tukasikia ndani yake maji mazito yakigonga. Akaligeuza, mfuniko chini, kitako juu. Kutoka mfuko wa aproni akatoa msumari wa nchi tatu, ule anaotobolea madebe ya mafuta ya kukaangia, akaokota jiwe, na Mwanza jiwe halitafutwi. Akagonga mara moja. Msumari ukaingia kama kwenye papai. Ngome iliyowashinda katibu, radi na fundi kwa kupitia lango kuu ilikuwa na mgongo mwembamba wa bati, na hakuna shujaa kati yetu aliyekuwa amefikiria kuuangalia.

"Sasa imwage," Luhende akasema kwa hamu.

"Tundu moja halimwagi," Odeta akamjibu, akagonga la pili upande wa pili. "Lazima pawe na la kupumulia. Wewe ungekuwa na mdomo bila pua ungepiga ngoma vipi?"

Ilikuwa saa tisa na robo. Luhende, kwa kutaka kutubu, aliziba matundu kwa vidole gumba, akalibeba kopo kando ya ukuta na kumimina rangi kwenye sahani kila alipoelekezwa, ila mwili wake haujui kutembea, hucheza, na kila hatua ilidondosha rangi, ikatapakaa chini yote hadi mbele ya mlango wa duka. Odeta akaanza na brashi. Tukahesabu dakika, tukaona ukuta ni mrefu na brashi ni fupi. Kisha tukasikia ngazi ikiburutwa. Faisal alikuwa ameisogeza ukutani, ameshika rola yake mpya ambayo haijaonja rangi.

"Dada, juu kule hufiki," akasema. "Mimi nimekaa tu tangu saa saba. Niambie nisivuke wapi."

"Usiguse mitumbwi," akasema Odeta.

Hakuigusa. Maji yakateremka kutoka juu na kupanda kutoka chini, yakaizunguka mitumbwi, yakawafikia korongo magotini. Odeta na Faisal walipokutana katikati, adhana ilikuwa inaanza.

Mzee Nurdin akatoka. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi, na kofia imekaa sawa. Odeta akasema, "Shikamoo, Mzee," naye akaitikia marahaba bila kumtazama, maana macho yake yalikuwa ukutani. Akaukagua kutoka kona hadi kona jinsi anavyokagua mshono wa godoro, akitafuta mahali palipoachia. Odeta alikuwa ameshika brashi kwa mikono miwili.

Kisha Mzee akatazama chini, akaona rangi ya Luhende imetapakaa mbele ya miguu yake. Akashika upindo wa kanzu kwa vidole viwili, akaupandisha hadi nusu ya muundi, akavuka kwa hatua moja ndefu. Ng'ambo palikuwa pakavu, lakini upindo hakuushusha. Akatembea kando ya ukuta wote, taratibu, kanzu imeinuliwa, kama mtu apitaye ufukweni mawimbi yakimfuata, na wala hakucheka, wala hakumwangalia mtu.

"Mzee," Faisal akauliza kutoka juu ya ngazi, mikono yake imelowa rangi hadi kwenye viwiko, "mimi sasa nianzie wapi?"

"Uanzie nini, mwanangu?" Mzee Nurdin akajibu. "Huoni hapo ni kwenye maji?"

Akaenda kuswali. Upindo aliushusha alipofika mwisho wa ukuta, na hapo Odeta akaketi chini palepale penye rangi, akalia, Bi Moza akamshika bega, na Luhende akaanza kulipiga kopo tupu. Faisal akampigia simu bosi wake kumweleza kwamba ukuta wa Mkuyuni haupakiki.

Basi, enyi wa Mkuyuni, wafalme wana siku zao zilizoandikwa, nasi tuandike yetu, waisome wajukuu wa wajukuu wa wauza magodoro: ya kwamba Jumanne, saa tisa na robo mchana, Odeta binti wa Ukerewe alitoboa kopo, na ziwa likapata maji.