Mimi na Filamu ya Kofia Hatusalimiani Tena

Siku ya Mungu, tarehe 31 Mei 1953

Ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyokuja, na kwa panya aliyekula kurasa zangu za mwezi wa nne, ya kwamba tangu leo saa kumi na moja jioni, mimi Léonard Nkandu na Filamu ya Kofia hatusalimiani tena. Nimeamua peke yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Sababu naziandika. Miaka mitatu sasa, kila siku ya Mungu saa tisa, mablanketi yanatundikwa kwenye madirisha ya sale, ukumbi wa parokia. Bwalya, fundi wetu, anawasha mashini ya sinema. Mimi naketi nyuma ya shuka linalopokea picha, bomba langu la bati la kupazia sauti mdomoni. Filamu zetu ni za zamani, hazina sauti. Sauti ni mimi. Watu mia mbili mbele ya shuka, mtu mmoja nyuma. Mon Père Alexis, padri wetu, alisema sauti inatoka vizuri zaidi huko. Siku sita za juma napima samaki wakavu wa Kasenga katika depo ya Mgiriki, basi jambo hilo sikuliuliza zaidi.

Filamu yenyewe ni hii. Kijana maskini anatembea. Anafika kwa tajiri mwenye kinu cha kusaga, kuomba binti. Anatoa mkono. Tajiri anaufunga mlango. Kijana anavua kofia. Imekwisha. Saa moja na robo! Na ndani yake dakika tisa za kutembea katika theluji, mtu na miguu yake, basi. Nani hapa Élisabethville ameona theluji? Niliwaambia ni unga. Tajiri ana unga mpaka umefunika nchi, kutoka hapa mpaka Lukafu! Sale ilipiga vigelegele. Na mlango unafungwa kwa nini? Filamu haisemi. Maandishi yapo, lakini ni ya Kiflama, ile lugha nyingine ya Wabelgiji, hayasomeki. Basi nilikaza macho, nikaona mwenyewe: mjinga yule anampa mkwe wake mkono wa kushoto! Nikalitangaza. Watu walianguka kwa kicheko. Miaka mitatu, bado wanaanguka hapohapo.

Nani basi aliyeitengeneza filamu hii?

Leo wametoka wanapangusa macho. Ah, filme hii! Hii njo filme! Filme, filme. Nilisimama mlangoni na bomba mkononi ili nionekane. Akapita Mama Kapinga, mjane anayeshona nguo karibu na soko, ameshika mbavu, rafiki yake Honorine anamtegemeza. Akanisalimu: jambo, tata. Alilisalimu bomba, si uso. Kila mtu mwenye suruali ni tata. Nataka kitu kimoja tu katika dunia hii: mwanamke yule aniite Léonard. Mara moja inatosha.

Nimesonga bukari, nimekula na samaki. Juu ya kiti cha pili nimeweka taa.

Kazi moja, tarehe 1 Juni

Balaa. Mon Père amepokea gazeti kutoka Bruxelles. Wenye elimu ya sinema wameketi mezani, wamepiga kura, wamesema Filamu ya Kofia ni moja ya filamu kumi kubwa za dunia nzima. Kofia hasa. Tangu sinema ianze hakuna mtu aliyevua kofia namna ile. Mimi navua yangu kila siku mbele ya Mgiriki, sijaona gazeti.

Kwa heshima hiyo, mwezi wote wa sita tutaonyesha Kofia, hakuna nyingine. Nikaomba neno dogo liandikwe ubaoni chini ya jina la filamu: Imeelezwa na Léonard Nkandu. Herufi ndogo, nilisema. Mon Père akacheka kwa upole. Akasema maji hayashukuru mfereji. Nilimpa jibu zuri sana, lenye makali. Lakini lilinijia nikiwa nimefika nyumbani.

Kazi tatu, tarehe 3 Juni

Nimekwenda Cercle, klabu yetu, kuwauliza watu ukweli wao. Nimemkuta Laurent. Karani, miwani, kalamu mbili mfukoni, ya tatu sikioni. Alikuwa anafundisha: kofia ni roho ya mwanadamu, theluji ni kimya cha Mungu. Nikasema kama ni kimya cha Mungu, dakika mbili zingetosha, Mungu si kiziwi. Hakuna aliyecheka. Bila bomba sichekeshi. Nimeliona hilo mara nyingi.

Nikawavuta mmojammoja pembeni na karatasi. Tia sahihi hapa, sema filamu inachosha. Wote wakakataa. Filme ina medali, wakasema, sisi tuna nini? Zéphirin seremala akakiri kwa sauti ya chini kwamba wakati wa kutembea analala. Nikampa kalamu haraka! Akasema hapana, ndugu yangu: kama filme ingekuwa mubaya, singeweza kulala muzuri vile.

Karatasi imerudi nyeupe. Nimefungia sabuni.

Siku ya posho, tarehe 6 Juni

Nimepata! Rahisi kama kuvunja kuni kavu. Kesho nitanyamaza. Saa moja na robo, sitatoa hata pumzi. Waachwe peke yao na kofia yao. Watapiga miayo. Watageuka, wataulizana Léonard iko wapi. Kapinga atauliza. Atauliza kwa jina!

Nimejizoeza kunyamaza nyumbani jioni nzima. Haikuwa na tofauti kubwa na siku nyingine.

Siku ya Mungu, tarehe 7 Juni

Aibu na wizi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Filamu ikaanza, mimi kimya. Kikohozi. Benchi likalia. Mtu akasema hee, leo bomba imekufa? Nikajifinya paja kwa furaha.

Theluji ikafika. Sauti moja ya mama ikatoka gizani, ya pembeni, ikasema: unga. Ya pili ikasema: unga tu. Halafu sale nzima, kwa pamoja, kama litania: unga mpaka Lukafu! Maneno yangu! Wanayajua yote, hata kile kikohozi ninachoweka kabla ya binti kutokea dirishani. Walikohoa! Watu mia mbili! Na mkono ulipotoka, wakapiga ukelele mmoja, KUSHOTO, blanketi la dirisha la tatu likaanguka, mwanga ukaingia, wakacheka mpaka Bwalya akasimamisha mashini.

Nilikuwa nyuma ya shuka, bomba magotini. Wameniibia, mchana kweupe. Hakuna aliyekuja nyuma kuangalia kama nimekufa.

Mon Père alifurahi sana. Akasema unaona, Léonard, filamu kubwa inajieleza yenyewe.

Kazi mbili, tarehe 9 Juni

Mon Père amenituma nipumzike. Siku ya Mungu ijayo Laurent ataeleza, kwa karatasi, jinsi wenye elimu wanavyoeleza. Nimesema asante, Mon Père. Nimesema kwa heshima nyingi mpaka alinitazama mara mbili.

Kupumzika! Saa moja na robo kwa juma ndiyo saa ambayo watu wananisikia. Saa nyingine nasema kilo ngapi, na samaki hawajibu.

Lakini kuna mpango. Nitaketi mbele, katikati yao, mara ya kwanza katika miaka mitatu. Laurent akianza na roho ya mwanadamu, nitapiga miayo. Miayo inaambukiza. Benchi moja, mbili, sale yote. Mwisho wa Kofia, mwisho wa Laurent. Nimenunua malimau sita ya kuogea, yaondoe harufu ya samaki.

Siku ya Mungu, tarehe 14 Juni

Leo nitaandika polepole.

Nimeoga malimau yote sita. Nimeingia. Nafasi ilikuwa moja tu, benchi la dirisha la tatu: Honorine, mdogo wake Delphine, Mama Kapinga, na mwisho wa benchi tupu. Kapinga akakusanya gauni lake, akasema kaa, tata. Nikakaa. Akanusa. Akauliza kama nimetoka kuuza malimau. Delphine akacheka. Mimi nilikuwa natayarisha miayo.

Laurent alisimama pembeni ya shuka na taa ndogo, akasoma. Theluji hii ni kimya. Kutoka nyuma: unga iko wapi? Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, kimya. Wakapiga miguu chini: unga! unga! Nilipiga miayo mizuri sana, hakuna aliyeiona, kila mtu alikuwa anapiga kelele.

Halafu maandishi yakatokea, na nikayasoma. Kifransa! Herufi safi, kama katekisimu. Nikashtuka. Kiflama kimekwenda wapi?

Halafu mkono.

Naandika nilichokiona. Kijana alitoa mkono wa kuume. Mkono mzuri, wa adabu, wa kuume kabisa. Na tajiri akafunga mlango hivyohivyo.

Nikasema kushoto. Sikukusudia, lilitoka lenyewe, kwa sauti ya bomba bila bomba. Kapinga akacheka mpaka kichwa chake kikagusa bega langu. Kisha akaniona uso, akaacha. Akaniambia sikioni: "Tata Léonard. Iko ya kuume. Iko ya kuume tangu zamani. Bantu bote banajua. Njo maana tunakuyaka hapa kila siku ya Mungu, kusikia kushoto yako, siyo kofia."

Nikamwuliza kwa nini miaka mitatu hakuna aliyeniambia. Akasema nani anazima moto anaoota?

Sikuwa na muda wa kufikiri. Nyuma walikuwa wameanza: Léonard nyuma! Léonard nyuma! Sale nzima, na miguu. Mon Père akainua mikono, akanionyesha shuka. Kapinga akashika mkono wa shati langu. Akasema ikala tu hapa, bache bapige kelele. Lakini jemadari akiitwa hakai kwenye benchi. Nikaenda. Laurent alinipisha bila kuniangalia, kalamu ya sikioni imeanguka. Nikatangaza kofia vizuri sana.

Mlangoni Kapinga alinisubiri. Akasema siku ya Mungu ijayo, kama nimechoka kupiga kelele, nafasi ile ya benchi iko. Nikamshukuru. Nadhani alitaka kusema sauti yangu imekwaruza.

Nimekumbuka jambo wakati wa kuvua viatu. Aliniita Léonard. Sikioni kabisa. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa naangalia mkono.

Kazi tano, tarehe 19 Juni

Siku tano sijalala vizuri, nimefikiri, na sasa kila kitu kiko wazi. Wamegeuza filamu!

Hakuna njia nyingine. Miaka mitatu kushoto na Kiflama. Nikikaa mbele mara moja, kuume na Kifransa. Ni kopi nyingine, au Bwalya ameitia upande usio wake, na Laurent amemnunulia bia. Nimemwendea Bwalya. Akaapa kwa mama yake. Akachukua karatasi ya mafuta, akachora mkono, akauweka mbele ya dirisha, akaniambia nizunguke upande wa pili niangalie. Nilikataa kuzunguka. Kitu cha kweli hakihitaji kuzungukwa.

Nimewaandikia wenye gazeti la Bruxelles, kurasa nne. Nimewaeleza kwa adabu kwamba kuna kopi yenye makosa, na kwamba filamu yao, ikiwa na mkono wa kuume, haina maana hata kidogo: mtu ana adabu, na mlango unafungwa usoni mwake bure. Nani atalipenda jambo kama hilo? Nimewashauri wabadilishe mkono. Kofia wanaweza kuiacha.

Siku ya Mungu, tarehe 21 Juni

Ushindi! Ushindi mkubwa kupita wote!

Ubaoni, kwa chaki, herufi kubwa: FILAMU YA KOFIA, NA LÉONARD. Mon Père mwenyewe ameandika. Nimepita mbele ya ubao mara saba, mara ya nane nilikuwa nimesahau bomba. Nikaketi nyuma ya shuka kama askofu. Kiflama kimerudi mahali pake, maandishi hayasomeki kabisa. Na mkono, ee Mungu, wa kushoto! Nilijua! Nikasema KUSHOTO mara tatu, na mara tatu walicheka mpaka shuka likapepea usoni mwangu. Nilitaka kuona Kapinga anavyocheka. Kutoka nyuma huoni watu.

Watu walipokwisha kutoka, Bwalya alikuja akifunga waya. Akaniambia leo Mama Kapinga amewachosha watu. Alikuja mapema, akaweka kitambaa chake cha kichwa mwisho wa benchi, kila aliyetaka kukaa hapo anamfukuza. Ondoka, iko ya muntu. Hata Zéphirin amefukuzwa. Mpaka mwisho wa filamu, kitambaa kilikuwa palepale. Bwalya akanitazama, akasubiri, kama mtu aliyeuliza swali.

Nikaelewa mara moja. Laurent! Alikuwa anamwekea Laurent, na Laurent hakuja, anaona aibu. Vizuri sana. Sasa njia ni nyeupe. Mpango mpya: nitamwomba Mon Père bomba kubwa zaidi, la mabati mawili, ili Kapinga anisikie vizuri pale alipo. Kesho nitamwona fundi wa mabati.

Benchi la dirisha la tatu ni la watu wanne. Leo walikaa watatu.